Bolti za Kupikwa, Bolti za Kuvikwa

Kwa miaka kumi na minne nilichora ubaoni picha ileile: bakuli la maji, vipande viwili vya chuma ndani yake, nyaya mbili, betri. Niliwaambia wanafunzi kwamba umeme ukipita hapo, chuma kimoja huvaa ngozi ya kingine. Nadhani nilieleza vizuri, maana walifaulu mitihani. Lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Shule yetu ya Goma ilikuwa na kabati moja la kemia, na ndani yake chupa tisa, nne kati ya hizo zikiwa tupu.

Mwaka ule vita viliposhuka kutoka milima ya Masisi hadi karibu na Sake, shule ilifungwa kwa sababu madarasa yalijaa watu. Darasa langu lilipokea familia saba. Nilikuwa nakwenda kila baada ya siku mbili kuangalia kabati, na mama mmoja aliyelaza watoto wake chini ya ubao ndiye aliyenilindia. Alikuwa wa rika langu, mrefu, msema polepole. Huko kwao walikuwa na shamba la maharagwe na ng'ombe wachache. Ng'ombe walichukuliwa, maharagwe yalibaki ardhini.

Picha yangu ya mwisho ilikuwa bado ubaoni, na yeye alikuwa amelala chini yake wiki tatu. Siku moja akaniuliza:

"Madame, hii ni pombe ya namna gani?"

"Si pombe, Mama. Ni chuma tunavika chuma ingine."

Akaitazama tena. "Na moto iko wapi?"

"Haina moto."

Akageukia watoto wake, kama mtu anayemhurumia mwongo asimwaibishe.

Muzee, kama nilivyozoea kumwita baadaye, alikuja wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati, nikihesabu chupa, nikasikia mtu anabisha mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amevaa koti la suti na kandambili, na mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga.

"Njo wewe Madame ya shimi?"

Nikamwambia ndiyo, mwalimu wa kemia ni mimi. Aliomba karatasi, akaitandaza juu ya dawati, akamimina kopo. Zikatoka bolti, zile sisi tunaziita bulo, pamoja na skrubu na nati, labda sitini hivi. Nyingine zilikuwa na kutu hadi kichwa kimekuwa duara, nyingine zinang'aa kama vijiko vipya.

"Nataka kujua hizi zilikuwa na rangi gani siku gari ilitoka kiwandani," alisema.

Nje, mstari wa ndoo za maji ulikuwa umezunguka jengo. Nilisikia hasira kidogo. "Muzee, watu wanatafuta maji, na wewe unatafuta rangi ya bulo?"

"Najua, Madame. Mi pia nimepanga mstari tangu saa kumi na mbili. Maji nimekwisha kupata. Sasa ni saa nne."

Nikachukua bolti moja.

Kesho yake nilikwenda kwake. Uani mwake, ambao kama nyua zote za mtaa ule ni mawe meusi ya volkano yaliyosawazishwa kwa nyundo, gari lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo: gari dogo la Kifaransa la mviringo, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi, bila milango, bila kapo, yaani kifuniko cha injini, na injini yenyewe iko nje imefunikwa kwa turubai. Muzee alikuwa dereva wa shamba la kahawa upande wa Butembo tangu ujana wake. Wenye shamba walipoondoka walimwachia lile gari badala ya mambo mengine waliyokuwa wanadaiwa kumpa. Alishuka nalo Goma na mkewe, ambaye sasa ni marehemu.

"Mutoto yangu iko Ulaya," alisema. "Alinitumia karto, boksi nzima ya bulo mupya, zinametameta. Nilifunga mbili, nikatoa. Gari ilikuwa kama muzee amevaa meno ya mutu mwingine."

Nikamwuliza zile za asili zilikwenda wapi. Alikaa juu ya ndoo kabla ya kujibu.

Mwaka wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda kwa wingi ule ambao kila mtu wa Goma anaukumbuka, yeye aliendesha lori lililopeleka maji kambini. Barabara ya mawe ilikuwa inalegeza kila kitu. Bolti zikianguka njiani, soko la Birere lilikuwa limefungwa au limeishiwa, na watu walikuwa wanakufa kwa kuhara huku wanangojea lori. Basi kila alfajiri alikuwa anafungua bolti chache kwenye gari lake na kuzifunga kwenye lori. Miezi miwili. Baadaye, kwa miaka mingi, alijaza matundu yale kwa chochote alichookota: bolti za baiskeli, za vitanda, hata misumari iliyopindwa.

"Hakuna mutu aliniharibia," alisema. "Ni mimi. Sasa nimezeeka, nataka kurudisha. Lakini sikuangalia rangi. Nani anaangalia rangi ya bulo?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia katika jambo lile, na nakiri halikuwa kwa huruma. Nilitaka kujua. Chuma hakikumbuki kitu, lakini kinaweka alama, na kazi yangu tangu chuo ilikuwa kusoma alama.

Kosa la kwanza nililikuta limekwisha kufanyika: Muzee alikuwa amesugua bolti nyingi kwa brashi ya waya ili zipendeze, na pamoja na kutu alikuwa ameondoa ushahidi wote. Nikamwomba asisugue tena chochote. Tukaanza kutafuta mahali ambapo upepo na moshi havikufika. Mtu wa Goma anajua moshi wa volkano unavyotoboa mabati. Nyumba inaezekwa upya mtoto hajamaliza shule ya msingi. Kwa hiyo tulitafuta chini ya zulia, nyuma ya vitambaa vya milango, chini ya kile kibao kinachobeba betri, na hasa chini ya washa, kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Washa ikitolewa polepole, na pale ilipokaa pakifutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo tu, panabaki pete nyembamba ya ngozi ya zamani. Nilikuwa na lenzi niliyoitoa kwenye hadubini mbovu ya shule. Tulikaa tukipokezana lenzi kama watu wanaoonja mchuzi.

Siku ya tatu nilikuwa nimeandika makundi manne kwenye daftari. Bolti za kushika injini na radiyeta zilikuwa nyeusi, weusi usiong'aa, unaoteleza kidogo kidoleni. Vipande vidogo vya kushikia nyaya na mabomba vilikuwa vya kijivu chenye mwanga hafifu: zinki. Skrubu za ndani, zile macho ya abiria yanaziona, zilikuwa za nikeli. Na bolti za bawaba za milango zilinitatiza kabisa, maana zilikuwa na rangi ya kahawa na maziwa, rangi ya gari lenyewe, hadi ndani ya mfereji wa bisibisi.

"Mutu alipaka ovyo," alisema Muzee.

Niliitazama mojawapo asubuhi nzima. Chini ya kichwa chake, pale palipogusa bati, hapakuwa na rangi. Na bati chini yake pia halikuwa na rangi, bali duara safi la chuma kitupu.

"Hapana, Muzee. Milango ilifungwa kwanza, halafu wakapaka gari zima. Hizi nyeusi hazina rangi kwa sababu zilikuja nyuma, rangi imekwisha kukauka."

Alichukua lenzi. Aliangalia muda mrefu, akaenda kwenye gari, akaangalia tena. Kisha akaanza kutembea kuzunguka gari, akigusa hapa na pale, anasema kwa sauti: hii kwanza, hii ya pili, hii nyuma. Alikuwa ameendesha gari lile karibu miaka arobaini, na siku ile ndiyo alipoona mikono ya watu waliolitengeneza, mmoja baada ya mwingine. Mimi pia niliiona. Sikutegemea kufurahi namna ile.

Weusi ule ndio sikuujua. Vitabu vyangu vilitaja chumvi za fosfati ambazo Goma nzima huzipati. Nikaifunga bolti moja kwenye leso, na nilipokwenda shuleni kwa ajili ya kabati nikamwonyesha yule mama wa Masisi, kwa mazungumzo tu. Aliishika, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba.

"Hii bamepika," alisema. "Na mafuta."

"Unajuaje?"

"Baba yangu alikuwa mufuzi, anafua majembe. Jembe yake ilikuwa na ngozi hii. Unapasha moto, si mpaka nyekundu, unatia ndani ya mafuta, unatoa, unarudisha. Mara tatu, ine. Kutu inaichukia."

Kama ndivyo kiwanda kilivyofanya, sikuweza kujua. Lakini tulipoweka kipande alichopika yeye kando ya pete ile ya chini ya washa, hata mimi mwenye lenzi nilishindwa kuvitofautisha. Tangu siku hiyo tulikuwa watatu uani kwa Muzee. Mama alileta mabinti zake, wakachezea turubai. Muzee alimpa kiti chenye mgongo, yeye akabaki na ndoo.

Bolti za usukani na za breki tulikubaliana hazitaguswa na moto wala asidi, maana chuma kigumu kinaweza kupoteza nguvu yake bila kuonyesha. Hizo tulizisafisha kwa kitambaa na mafuta tu. Za nikeli, ambazo hazikushika kutu, zilitosha kufutwa; nyingine zote zilikuwa zetu.

Za kijivu nilizifanya mimi. Nilipasua betri za tochi zilizokwisha, nikatoa makopo yao ya zinki, nikayaosha mpaka weusi wote ukaisha. Siki nilinunua Birere, nikatia chumvi na sukari. Mama alinifundisha kuondoa grisi kwa maji ya majivu yaliyochemshwa, na yalishinda sabuni yangu. Kisha nikafunga waya, zinki upande huu, bolti upande ule, betri mbili za tochi, nikaning'iniza vyote ndani ya jagi la plastiki.

Vilitoka vipovu vidogo. Tukangoja. Muzee aliuliza kama inafanya kazi, nikasema ndiyo, huku sijui. Baada ya dakika kama ishirini niliinua waya. Bolti iliyoingia na rangi ya chuma uchi ilitoka imevaa ukungu wa kijivu, sawasawa pande zote, hata ndani ya nyuzi zake. Niliifuta kwa kitambaa chenye unga wa soda, ikapata mwanga uleule hafifu.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na nilikuwa naona kwa mara ya kwanza kitu ambacho nilikuwa nimewafundisha mamia ya watoto.

Mama akainama. "Kumbe haikuwa uongo," alisema.

"Ulidhani ni uongo?"

"Nilidhani ni shule."

Kosa kubwa nililifanya wiki iliyofuata, na nitalieleza lilivyokuwa. Tulikuwa tunapika bolti nyeusi juu ya makaa, mimi na Mama, Muzee amekaa mbali akipanga nati. Bolti za asili hazikutosha, hivyo nilichanganya na nyingine za Birere zenye ukubwa uleule. Moshi mweupe ukapanda, mwepesi, kama unga unaopeperuka. Mama alirudi nyuma hatua moja, akanitazama. Mimi nikaendelea kupuliza makaa, naye akarudi mahali pake.

Jioni nilishikwa na baridi, viungo vikauma, mdomoni ladha tamu kama ya sarafu. Nikadhani malaria, nikalala na blanketi mbili. Asubuhi homa ilikuwa imekwisha kabisa. Nilipokwenda shuleni nikamkuta Mama amekaa ukutani, uso umepauka; naye alitetemeka tangu jioni mpaka alfajiri. Malaria haikamati watu wawili saa ileile na kuwaacha saa ileile. Bolti zile za Birere zilikuwa zimepakwa zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi wenye sumu. Nilikuwa nimelifundisha hilo pia, ubaoni.

Nikamwambia ukweli: "Mama, ni kosa yangu. Ule moshi ndio umetugonjesha."

"Baba yangu alikuwa anasema moshi mweupe ni wa kukimbia," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni Madame. Nilisema labda moshi yako iko na sababu."

Sijaambiwa neno lililoniuma zaidi katika kazi yangu yote. Nilimwomba kwamba tangu siku ile, akiona kitu, aseme. Alikubali, na akatimiza: mchana uleule alimwambia Muzee kwamba nati zake amezipanga vibaya.

Mwezi uliofuata watu wa shuleni walihamishwa, wakapelekwa kwenye mahema upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Mama aliaga haraka. Lori lilikuwa linangoja. Alitupa maelekezo kuhusu bolti nane zilizobaki bila kupikwa, na akamwambia Muzee asizipeleke motoni kwa uvivu.

Kisha mizinga ikasogea. Zilikuwa siku ambazo tulisikia mlio, tukahesabu, tukaendelea kupika sombe, majani ya mihogo. Majirani wengi walivuka mpaka na magodoro. Muzee hakuvuka. Alikuwa ametia kila kundi la bolti kwenye kopo lake na karatasi ndani, na kila nilipokwenda kumwona nilimkuta anafunga. Milango kwanza, kisha akamwita mpaka rangi wa mtaa wao, kisha injini, kisha vile vidogo vya kijivu. Alifuata mfuatano ambao tulikuwa tumeusoma kwenye chuma, na hakukubali kuuruka hata pale ambapo ingekuwa rahisi.

Bolti moja ya radiyeta iliniponyoka mimi. Ilidunda mara moja, ikaingia kwenye ufa kati ya mawe ya volkano, na hakuna sumaku wala waya iliyoifikia. Muzee alikuwa ndani anatafuta shati. Nilichukua bolti ya Birere, nikaipaka rangi nyeusi ya milango ya chuma, ikakauka juani, nikaifunga. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba katika siku kama zile ni upuuzi kumsumbua mzee kwa bolti moja. Sababu ya kweli ni kwamba niliona haya.

Mapigano yalipotulia kwa muda na barabara ikafunguliwa, Muzee alisema safari ya kwanza ni kwa Mama. Tuliondoka asubuhi, yeye amevaa koti lake la suti na safari hii viatu. Gari lilinguruma vizuri, lakini lilikwenda kama mtu anayetembea akiogopa kuharibu viatu.

Kwenye kizuizi askari kijana alituamuru tufungue kapo. Aliinama kutafuta anachotafuta, kisha akabaki pale.

"Mbona bulo hazifanani?" aliuliza. "Hizi nyeusi, zile nyeupe, hizi za rangi ya gari. Ni ya kuokotaokota?"

Muzee alishuka. Nilijaribu kumvuta koti, lakini alikuwa amekwisha kushuka. Alianza na bawaba. Alieleza kwa nini zimepakwa, akaja kwenye nyeusi, akaeleza mafuta, akaja kwenye kijivu na kunielekeza mimi kidole. Nyuma yetu pikipiki zilikuwa zinapiga honi. Askari alisikiliza huku bunduki imeegemea tumboni kwake, na aliuliza maswali mawili, yote ya maana. Mwishowe akafunga kapo mwenyewe, taratibu, kwa viganja viwili.

"Pita, Muzee," alisema.

Mama tulimkuta mbele ya hema lake anachambua maharagwe. Alitukaribisha, akatuuliza habari za njia, akatupa viti viwili vya plastiki alivyoazima kwa jirani. Alikuwa amekonda. Baadaye akasema sasa anataka kuona. Muzee akafungua kapo, akasimama kando, mikono nyuma.

Mama alipitisha kidole kwenye kila bolti nyeusi. Hakuharakisha. Kwenye radiyeta akasimama, akakwaruza kwa ukucha, ukucha ukatoka na ganda la rangi.

"Hii hamukupika," alisema.

Muzee alisogea, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nikasema: "Ile ya kweli iliniponyoka, Muzee. Iliingia kwenye mawe. Nilipaka hii rangi, nikanyamaza."

Nilingoja anikemee, angekuwa na haki. Ila alizunguka mpaka kwenye buti, akarudi na spana, na kopo moja ambalo ndani yake zilikuwa zimebaki bolti tatu za akiba kutoka Birere, zilizosafishwa.

"Mi pia nilijaza matundu na misumari," alisema. "Mama, uko na moto?"

Moto alikuwa nao, mawe matatu nyuma ya hema, na sufuria ya maharagwe juu yake. Aliiondoa sufuria, akaniuliza kwanza kama nimeikagua ile bolti isiwe na zinki. Nikaikagua kwa lenzi mbele yake, nikampa. Muzee alichota mafuta kidogo kutoka kwenye injini kwa kile kijiti cha kupimia, tone baada ya tone, ndani ya kifuniko cha kopo. Watoto wa mahema ya jirani walikuja kutazama, na mmoja akauliza kama ni chakula.

Mama aliigeuza bolti kwenye makaa kwa koleo la vijiti. Ilipopata rangi ya zambarau akaitoa, akaitia kwenye mafuta, moshi ukapanda, wa kijivu, mzuri. Akairudisha. Mara ya nne aliiweka juu ya jiwe ipoe, akarudisha sufuria yake motoni, akatuambia tusiondoke kabla ya kula.